Speciosa Kankindi na Watoto Saba Waliobaki

Ndugu waombolezaji, amahoro. Mimi ni Fabiano, mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome, na wanaonijua wanajua sipambi maneno.

Dada yetu Speciosa Kankindi alizaliwa Gatete, hapa Burundi, tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa kwanza wa mzee Pontiani, mwaka 1972, wakati wa mauaji, akapelekwa Tanzania mgongoni mwa mama, na huko kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu alisoma hadi darasa la saba mwaka 1983, kisha akalima tumbaku na kufundisha watoto kanisani. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Zabroni, huyu aliyekaa mbele yenu, wakajaliwa watoto watatu, na Oktoba 2009 walirudi wote hapa Rumonge, wakaanza kukamua mawese.

Machi 2019 mjukuu wake Eliana, wa darasa la kwanza, alitusomea ukurasa mzima wa Kirundi bila kukwama, tukapiga makofi, dada akakigeuza kitabu juu chini, mtoto akaendelea kusoma vilevile. Alikuwa amekariri, kwa sababu darasani kitabu kimoja kilishikwa na watoto wanane, na nyumbani tunaongea Kiswahili, karatasi yenye maandishi ni ile ya sabuni tu. Mtoto wa mhasibu jirani yetu, darasa hilohilo, ana vitabu vyake na mama wa kumsomea, yeye alisoma kweli. Dada aliogopa hata hakula, akazunguka nyumba za wakamuaji na wavuvi, akakuta wengine kumi na mmoja wanasoma hivyohivyo. Mwalimu mmoja alimwambia kwamba watoto wa waliotoka Tanzania vichwa vyao vizito, mimi nikataka kwenda kumpiga, dada akanikalisha chini, akatandika mkeka kwenye banda la mawese, akawafundisha kwa Kiswahili kwanza, ndipo Kirundi, kila siku saa tisa, miaka sita.

Sukari ilimshika mwaka 2021, na kidonda cha mguu alikificha tangu Januari hii, akiogopa kulazwa kabla watoto wa mkekani hawajafanya mtihani wa Juni, tukamfikisha hospitali tarehe 6 Machi tumeshachelewa, hilo nalisema wazi. Alifariki Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, na asubuhi hiyo aliniambia, "Fabiano, saba bado. Usiwaache wakariri."

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu tisa, na hao saba wa mkekani ambao bado hawajui kusoma, wawili kati yao walisharudia darasa, na anayerudia tena hapa kwetu huacha shule, tunamkuta ufukweni mwa ziwa akianika ndagala, wale dagaa wetu. Jumatatu saa tisa nitakaa mimi kwenye mkeka. Shule sikukaa, kusoma Kiswahili nilijifunza mwenyewe kwa maandishi ya magunia, Kirundi nakisoma kwa kubahatisha, na ninaogopa, ndugu zangu, naogopa watanisomea vizuri, nami nitafurahi, nisijue kwamba wamekariri. Kama hapa yupo mwalimu, hata yule wa vichwa vizito, aje tukae wote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa msibani, na wakamuaji wenzake mliofunga kazi siku tatu, murakoze cane.

Pumzika kwa amani, dada, hofu umetuachia sisi.