Ndege Walioangalia Chini

Papa Burugumesta, kiongozi wetu, uliyeacha kazi ya biro yako kwa ajili yetu; Papa Pasta, uliyekubali kufupisha maombi; Mama Daniella, mwalimu wetu wa kushona; wamama wa kwaya, ambao nitawaomba msamaha nikifika katikati; wazazi, jirani, na ninyi muliokuja kwa sababu mulisikia kuna soda: kila muntu kwa cheo chake, ninawasalimu.

Wenzangu tunaopokea leo breve, cheti cha kumaliza kujifunza kushona, walinichagua niseme kwa jina lao. Nilifikiri ni heshima. Kisha mwenzetu Rachelle, ambaye ni wa umri wa mutoto wangu wa mwisho, akaniambia: "Papa Omer, ni vile unajua kusema kuliko kushona." Hakukosea.

Nani hapa Kalemie hanijui? Mulinunua samaki ndagala kwangu, mukapanda pikipiki yangu, mukanyolewa nami, na wengine wenu, Mungu awasaidie, niliwatengenezea redio. Ubao wa duka langu ulipakwa rangi mara nyingi, hata mvua ikinyesha majina ya biashara za zamani yalikuwa yanafufuka: muntu alikuja kunyolewa, akauliza misumari. Njo maana mulinipa jina la Papa Proje, muntu wa mipango isiyoisha. Wazee wanasema mushika mbili moja humuponyoka. Miye nilishika zote, na zote zikaenda bila kuniaga. Aliyebaki ni bibi yangu, Mama Alphonsine, anayelima mihogo, na ni mihogo hiyo iliyolisha watoto wetu wakati miye nilikuwa natafuta utajiri.

Sasa nifike kwa wamama wa kwaya. Mwaka uliopita walileta vikwembe, vitambaa vyenye picha za ndege, washonewe nguo za Pasaka, na Mama Daniella, ambaye nilikuwa nimeanza kujifunza kwake, akanipa nikate. Kila mushonaji anajua kwamba kikwembe cha ndege kina juu na chini: unakiangalia kwanza, njo unakata. Miye mukasi ulikuwa mukono wa kuume, simu mukono wa kushoto, nabishana bei ya mawese ya Kabalo. Siku ya Pasaka wamama wakasimama kanisani, na ndege wote walikuwa vichwa chini, miguu juu. Papa Pasta alihubiri kufufuka, na mbele yake ndege wote walionekana wamekufa. Wamama, nisameheni. Asanteni kwa kuwa muliimba mpaka mwisho.

Nilidhani Mama Daniella atanifukuza. Alichukua simu yangu, akaifungia ndani ya debe la vifungo, akasema: "Papa Omer, akili yako si kidogo. Ni nyingi, lakini unaimwaga kila mahali. Ukiwa hapa, uwe hapa."

Nilikasirika. Kwa umri wangu, kunyang'anywa simu kama mutoto? Lakini siku ile nilishona mushono mumoja toka mwanzo hadi mwisho bila kuinuka, nikaugeuza, nikaona umenyooka. Nilitoka nje nikalia. Sijui kama munanielewa: sikuwa nimewahi kuona kitu nilichokimaliza.

Je, ni lazima muntu awe na akili kubwa ndipo afaulu? Kama ingekuwa hivyo, leo ningekuwa kati yenu ninyi munaosubiri soda. Akili inaomba tu kukalishwa mahali pamoja. Ninyi vijana muna simu kubwa kuliko yangu. Tafuteni debe la vifungo.

Limebaki jambo moja, ambalo bibi yangu halijui. Leo mulangoni Papa Anatole, rafiki yangu wa kila proje, alinishika mukono: "Omer, gari linaenda Manono kesho. Kule kuna madini ya litiumu, watu wanatajirika. Nafasi yako iko mbele, karibu na shofere." Nikamujibu, "Nitafikiri." Mama Alphonsine, usiniangalie hivyo. Tangu nianze kusema hapa nilikuwa nafikiri Manono, kwa hiyo muone kwamba ugonjwa haujaisha.

Papa Anatole, uende salama. Miye nabaki. Utakaporudi, tajiri au hapana, uniletee kikwembe nikushonee shati. Kama kina ndege, wataangalia juu.

Mama Alphonsine, debe la vifungo langu mwenyewe nililiweka nyumbani jana. Simu yangu hii, uishike, uifungie mule.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Hotuba hii nayo nimeimaliza.