Siku Kambale Alirudilia Ziwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe na kila mutoto mwenye anapumua leo!

Jina langu ni Kavira. Mimi na bwana yangu tunalima kakao huko Mangina, na leo tumekuja kushuhudia hapa kanisani Butembo. Mutoto wetu Kambale alizaliwa muzuri, akanyonya, akalia kama batoto bote. Kisha, mbele kitovu hakijakauka, akaacha ziwa. Mwili ukawaka moto, halafu ukawa baridi. Nikimuinua mukono, unaanguka.

Tukamupeleka hospitali moja ya Beni. Wakamuchoma sindano za antibiotiki, tukangojea. Hapana kitu. Wakabadilisha dawa. Hapana kitu. Mama wa kitanda cha pembeni alirudi kwao na kitenge kitupu. Mpaka leo ninamuombea.

Munganga wetu, kijana mutulivu mwenye alitoka Kisangani, alikuwa ametuma damu ya Kambale kwa laboratware, bapime ni kidudu gani kinamugonjesha. Majibu ilipofika, alikaa kwenye kitanda chetu.

"Mama," akasema, "ile mikrobe imezoea dawa zenye tunamupa, haizisikii tena. Kuko ingine yenye inaweza. Lakini hapa imekwisha, iko Butembo."

Mama mukwe wangu aliomba turudishe mutoto nyumbani, afie kati ya batu bake. Hakukuwa ubaya ndani yake, ndugu zangu. Yeye mwenyewe alishazika batoto. Nikamujibu:

"Mama, mutoto hajakufa. Umubatize, lakini hatoki hapa."

Akachota maji ndani ya kikombe, akamubatiza kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mutakatifu.

Mudogo wangu Kasereka anaendesha pikipiki hapa Butembo. Munganga akapigia benzake ba huku simu, bakamupa Kasereka ile dawa ndani ya boksi yenye barafu. Ile barabara munaijua. Nilishika rozari, hata fungu moja sikumaliza. Nilikuwa nasema tu, Bwana, umufikishe. Akafika, vumbi mpaka kwenye kope.

Sitabadanganya, mutoto hakuinuka mara moja. Kwanza moto ukapungua. Kisha asubuhi moja akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akavuta.

Mama mukwe akasema kwa sauti ndogo, "Ananyonya," na sisi bote babili tukacheka kama basichana.

Leo Kambale anatambaa. Hata sasa baba yake anamushika asipande kwenye altare!

Namushukuru Mungu, na namushukuru yule munganga mwenye alitafuta kwanza ni mikrobe gani inatutesa. Bamama, mutoto muchanga akikataa ziwa, musimununulie dawa kwenye meza za soko. Mumukimbize hospitali, na mumutumainie Mungu hata njiani. Na wewe mwenye uko na mutoto hospitali sasa na moyo umechoka, uniite kisha misa. Nitakuja kukaa pembeni ya kitanda, tuombe pamoja mpaka mutoto wako alie kwa njaa. Amina.