Mwalimu Hija Mbarouk na Mtihani wa Yumna

Mashehe wetu, jamaa na majirani mliokuja hapa Gando kumzika, marehemu Hija Mbarouk Jecha alizaliwa papa hapa tarehe 12 Machi 1961, akasoma Gando na baadaye Wete, kisha mwaka 1982 akavuka kwenda Unguja kusomea utabibu wa meno, akarejea Pemba mwaka 1985 na kuanza kazi ya kung'oa na kuziba.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimuoa Bi Moza Abrahman wa Tibirinzi, Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Usama, Shadya na Yumna.

Kuanzia mwaka 2001 alifundisha chuoni wanafunzi wa utabibu wa meno kazi ya mkono na jicho, na kwa wiki nane za mwanzo hakuna aliyegusa mgonjwa, walichora mistari karatasini wakitazama ndani ya kioo tu, jicho likisema kulia na mkono ukitaka kushoto, ndipo wakapewa meno ya plasta wayakereze, na aliyepitiliza alama kwa unene wa unywele alianza upya.

Yumna naye alikuwa mwanafunzi wake, na tarehe 14 Juni 2019, katika mtihani wa vitendo, mkono ulimteleza akalitoboa jino la plasta hadi kwenye kiini, jamaa wakamwendea marehemu kumwomba amsitiri mwanawe, akawajibu, “Plasta haina uchungu. Mgonjwa anao,” akamfelisha. Yumna aliacha chuo, akahamia Mkoani kwa mama yake mdogo, na kwa zaidi ya miaka mitano baba na mwana hawakusemezana.

Tarehe 2 Novemba 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, hata kijiko kikamshinda, ndipo Yumna akarudi, akawa anamlisha uji bila ya kuitaja habari ile, mpaka Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025 marehemu alipomwambia, “Kukufelisha sijuti. Najuta nilinyamaza, nikakungoja wewe uanze.” Yumna alimfuta mdomo, akatoka na bakuli. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Julai, baba yake alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani miezi yote minane, na walimu wenzake ambao hawakukatika mlangoni. Aliyekosewa naye tunamwomba amsamehe, na Yumna ametaka isomwe mbele yenu kwamba yeye amekwisha kumsamehe, ila alichelewa kumwambia.

Nenda kapumzike, mwalimu, katika amani ya Mola wako.