Mama Flavia na Moshi wa Jirani

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani wote wa Goweko, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Adriano, mtoto wa pili wa marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kumwelezea mama yetu kama alivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza, "Siku hiyo usinifanye mtakatifu, Adriano, watakaokuja wananijua."

Mama yetu, Marcelina, alizaliwa Ntalikwa tarehe 14 Machi 1958, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1972, na tarehe 7 Oktoba 1978 akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Raymundi Lugembe, aliyemleta hapa kulima tumbaku, na Mungu akawajalia watoto watano, Flavia akiwa wa kwanza.

Ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa aliishi Mama Kabula, ambaye tunaye hapa mbele. Msimu ule wa kwanza tumbaku ya Mama Kabula ilikuwa imeshaingia banini kukaushwa wakati ya mama ingali shambani ikinyeshewa, na baba akauliza, bila nia mbaya, "Mwenzako mbona anawahi?" Neno hilo lilimchoma mama, wivu ukamkaa rohoni, akawa kila akiona moshi wa jiko la jirani umetangulia kupanda, anabamiza sufuria na kusema, "Ana mikono minne yule?"

Basi akaanza kumchunguza, akagundua kwamba Mama Kabula huchota maji ya asubuhi tangu jioni ya kuamkia, hunoa jembe kabla ya kulala, hukubaliana na mumewe kazi ya kesho wakiwa bado wanakula, na hashiki kazi ya pili mpaka ya kwanza iishe, na yote hayo mama akayachukua, hata usingizi mfupi wa mchana, ambao kwanza aliuita uvivu, akauiga akiwa amenuna. Sisi watoto tuliamshwa kwa maneno yaleyale, "Amkeni, kwa Mama Kabula wameshatoka!" Kwa mazoea hayo tulisoma, tukapata nyumba ya bati, na miaka mingine tumbaku yetu ikapata daraja la juu kuliko ya jirani, lakini hata hapo mama hakutulia, kwani Kabula, binti wa jirani, alipoolewa kwa sherehe kubwa, mama alirudi nyumbani hakula.

Mwaka 2022 miguu yake ilianza kuvimba, akatuficha, akawa anavaa kanga ndefu na kuendelea kulima, maana hakutaka aonekane amebaki nyuma, hadi Januari mwaka huu wa 2024 alipoanguka kati ya matuta, na aliyemwona kwanza na kumbeba mgongoni hadi barabarani alikuwa Mama Kabula.

Alipolazwa Kitete, madaktari walisema ni moyo. Mama Kabula alikuja kumwona, akakaa pembeni mwa kitanda, akamwambia, "Mama Flavia, ungepumzika mapema, ungenipumzisha na mimi. Miaka yote hii nilikuwa nikisikia ufagio wako naruka kitandani, nasema huyu wa Ntalikwa hatanipita."

Mama akajiinua kwenye mto, akamuuliza:

"Na wewe ulikuwa unanionea wivu?"

"Mpaka nikachukia kuku wako."

Mama alicheka hadi muuguzi akaja, na tangu siku hiyo walizungumza kama ndugu, ingawa Mama Kabula akiondoka, mama alikuwa akituuliza taratibu kama mwenzake ameshamaliza kuvuna karanga. Alifariki tarehe 9 Juni 2024 alfajiri, akiwa mikononi mwa Flavia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete, wanajumuiya waliosali nasi, wakulima wenzake wa chama cha msingi, na majirani mliopika na kuchimba kaburi, na zaidi Mama Kabula, ambaye tangu msiba huu uanze jua linamkuta ndani, na jana alipoulizwa kama anaumwa alijibu, "Siumwi, nimekosa wa kumwahi."

Mama yetu, jembe liko chini, pumzika kwa amani.