Madamu Erina Anastaafu, Ufunguo wa Darasa Uko Kwangu

Mimi Lokosang, mlinzi wa geti, nina miaka sabini na minne. Nimemaliza mageti matatu na wakuu wa shule sita, na vita vimenipita kama mvua: nililowa, nikakauka. Karani alitaka kuandika wasifu huu. Nimekataa. Anayestaafu ndiye aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa na miaka sitini. Nani mwingine aandike?

Madamu Erina Namutebi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiingereza shuleni kwetu hapa Juba. Alikuja kwa basi kutoka Masaka na begi moja. Watu wakasema, Mganda huyu hamalizi kiangazi. Akapanga chumba mtaa wa Juba na Bari, akajifunza Kiarabu cha kwetu kwa muuza mkaa, na mpaka leo yuko chumba kilekile.

Mwaka 2016, risasi zilipolia, malori yaliwachukua Waganda. Alipanda, akafika kwao. Wiki ya tatu namwona getini, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mzee, mbona kengele haijapigwa?"

"Watoto wako wapi, Madamu?"

"Wewe piga. Watakuja."

Nikaigonga ile ringi ya lori, ndiyo kengele yetu, mpaka mkono ukafa ganzi. Walikuja kumi na mmoja.

Tangu kabla ya risasi hizo, kila Ijumaa aliwapeleka watoto soko la Konyo Konyo kununua nyanya na samaki kwa Kiingereza tu. Atakayetoa neno la Kiarabu, anarudi mikono mitupu. Santina muuza samaki alichoka, akaja mpaka getini kufoka: "Watoto wako wanasimama mbele ya meza yangu kama mabubu, wateja wanashindwa kupita!" Madamu akamwambia, "Basi njoo ujifunze, ili uwajibu." Kesho yake saa kumi jioni Santina akaja na wenzake wawili. Hivyo ndivyo darasa la wamama wa soko lilivyoanza. Mwanaume wa kwanza kuingia ni mimi, na mtihani wa kwanza nilishika namba moja. Kwamba siku hiyo wengine walikuwa sokoni si kosa langu.

Sasa kamati ya shule inasema Madamu akiondoka, khalas, darasa linafungwa, chumba kiwe stoo ya saruji. Walikuja kwangu. "Mzee, leta ufunguo." Nikasema umepotea. "Si huo hapo shingoni?" Nikasema, kumbe macho yenu ni mazima, basi someni ubaoni: Madamu aliandika somo la Jumatatu.

Madamu, asante. Mapumziko hatukutakii, hujui kupumzika. Tunakutakia miguu ya kukuleta hapa kutoka Juba na Bari kila saa kumi. Kamati imekustaafisha mchana. Jioni haikukuajiri, haiwezi kukufukuza. Jumatatu napiga kengele.

Anayesema nimetia chumvi amuulize Santina, au Kiden wa chai, au Abuk wa mboga. Asiwatafute sokoni. Saa kumi watakuwa darasani.