Nyumba Iliyomlea Mwanangu Bure

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Na ninyi mlioketi nje chini ya turubai, Bwana asifiwe! Jina langu ni Wakesho, wengi mnaniita Mama Mwadime. Mimi ni Mtaita wa Kenya, na kabla ya kuhamia hapa Korogwe tuliishi Handeni. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyomrudisha binti yangu Mghoi mikononi mwangu. Mnivumilie, maana ushuhuda wangu ni mrefu kidogo.

Ndugu zangu, ugenini kila kitu kina bei yake. Mume wangu anaendesha mtambo wa kuchimba visima. Wakati ule kazi ilikuwa Kwaluguru, nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Mwadime, mwanangu mkubwa, alikuwa darasa la pili, na Mghoi alikuwa anaelekea miaka mitatu. Mwadime tulimpeleka shule ya bweni ya mchepuo wa Kiingereza, ili siku tukirudi kwetu asianze upya. Ada, sare, tena kibali cha mwanafunzi kwa kuwa si raia; ukimaliza hiki, kile kinabisha hodi. Fedha ya dada wa kumlea Mghoi haikupatikana, na mimi ni fundi cherehani. Huwezi kushona gauni la harusi huku mtoto ananing'inia kwenye kitambaa.

Ndipo tukapata nyumba ya kupanga, kodi yake nusu ya nyumba za jirani. Mwenye nyumba, mzee mpole, alinizungusha vyumba vyote, cha mwisho kikiwa cha uani chenye dirisha dogo. Akaniambia, "Hapa utashona kwa raha, mama. Nyumba hii mtoto halii." Nikacheka! Wahenga walisema rahisi ghali, lakini mtu mwenye ada shingoni hawasikii wahenga.

Na kweli hakulia. Alianguka, hakulia. Nilimnyoa, hakulia. Asubuhi aliingia chumba cha uani na mdoli wake, mimi nikakaa barazani na cherehani, na kutwa nzima nilisikia kicheko chake tu. Nilimsifu Mungu, wapendwa! Nikamwambia mume wangu kwamba gharama ya mlezi tumeiokoa na mtoto yuko salama.

Kisha akaanza kukataa chakula changu. Nikimwita mchana anasema ameshiba, na mdomo wake unanukia uji wa mtama. Mtama sikuwahi kuuingiza jikoni mwangu. Jioni moja namwogesha, nikaona alama za mikunjo ya nguo mapajani mwake, na mstari chini ya makwapa. Akina mama, alama ile mnaijua! Ni ya mtoto aliyebebwa mgongoni kutwa. Mimi sikuwa nimembeba tangu tuhamie. Nikautazama mlango wa uani, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani kama nilivyoliacha.

Kesho yake nikamwita aje kwa mama. Akanitazama kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni wa baba yake.

"Mama yuko ndani," akasema, akionyesha chumba cha uani. "Anasema upunguze kelele za cherehani. Tunataka kulala."

Ndugu zangu, sikungoja la pili! Nilimbeba nikakimbilia kwa jirani, Bibi Zaina, mzee wa Kizigua, Mwislamu wa swala tano. Alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Ningekwambia siku ya kwanza ungesema bibi kizee anaitaka nyumba."

Akanieleza taratibu. Kwao, anayekulelea mtoto, awe mama yako mzazi, awe shangazi, siku ya kumchukua mtoto unampa kanga. Ni ujira wa mgongo wake. "Wako amelelewa bure," akasema. "Asiyepewa kanga hamwachii mtoto."

Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema jina lake hawalitaji, ila wapangaji wengine waliweka kanga mle ndani wakahama. Nikamuuliza watoto wao waliendeleaje. Bibi Zaina aliinamisha uso. Aliendelea na mchicha wake.

Nilikwenda sokoni, Mghoi nimemshika mkono, nikanunua kanga. Ndiyo, mimi mwana wa Mungu! Na hata katika hofu ile moyo wangu wa mahesabu ulikuwa unaninong'oneza: kanga moja tu, dada wa kazi ningemlipa kila mwezi. Lakini Mungu ana watu wake. Njiani nikakutana na mke wa mchungaji wetu na akina mama wawili wa maombi. Hawakuniuliza mengi, uso wangu ulitosha. Tukaongozana hadi nyumbani.

Nilipowageukia kuwakaribisha, Mghoi aliniponyoka mkononi akaingia mbio chumbani. Tulipofika mlangoni alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, peke yake. Na tulisikia, sote wanne tulisikia, kiganja kikipigapiga mgongo wa mtoto polepole, kwa kubembeleza. Mkono hatukuuona.

Niliinama niweke kanga chini. Mama mchungaji akanishika bega. "Usiiweke, mwanangu. Ukiiweka, umekiri kwamba ulimwajiri."

Hapo Roho alinifumbua macho! Niliingia, nikamwinua mwanangu, nikamweka mgongoni, nikaizungusha kanga ileile na kuifunga fundo kifuani. Alikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi, na kitu kilikuwa kinamvuta kwa nyuma hadi kanga inanikata. Akina mama wakaliitia Jina. Nikapaza sauti: "Kwa jina la Yesu! Mghoi nimemzaa mimi, na mgongo wake ni huu!"

Kisha Mghoi akalia! Alilia kwa sauti kubwa, makamasi yakanilowesha shingo, akaniita mama, mama, mama. Nami nikalia. Tulitoka na cherehani na nguo tulizovaa, na nje tulimkuta Bibi Zaina amesimama, viganja wazi, akituombea dua kwa dini yake.

Leo Mwadime anasoma shule ya serikali hapa hapa, na anafanya vizuri. Kodi yetu ni kubwa. Mshahara ukiingia, wa kwanza kulipwa ni dada anayemlea Mghoi, kabla ya kodi, kabla ya unga. Mungu hajatuacha tulale njaa, jina lake litukuzwe!

Lakini sijamaliza. Jumatano nilikwenda Handeni kufuata vitambaa, nikapita mtaa ule. Barazani ameketi mama kijana, mgeni, Mrundi. Nikamuuliza kama ana watoto. Akasema mkubwa ameanza shule, na mdogo yuko chumba cha uani, mpole ajabu, hasumbui. Nilimweleza yote haya. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kodi ni nafuu, dada, na hawana pengine pa kwenda.

Wapendwa, kama hujamkabidhi Yesu nyumba yako, mkabidhi leo, anatosha. Na wewe unayesema tayari unamwamini, nina ombi moja. Nimepata chumba cha kumhifadhi yule mama na watoto wake. Tukitoka hapa, mimi nakwenda stendi kupanda basi la Handeni. Nani atakwenda nami?