Kemia Huanza Septemba

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, uliyekubali kukaa nasi kwenye viti vya plastiki. Walimu wetu wapendwa. Wake na waume mliotuvumilia tukitandaza vitabu juu ya meza ya chakula. Nanyi wenzangu mnaovuka milima mwaka huu kwenda kumalizia shahada zenu chuo kikuu: habari za jioni.

Mimi ni Marlys Tveit. Wengi wenu mnanijua kwa lori la magogo nililoliendesha mpaka kiwanda cha mbao kilipofungwa. Mume wangu Delmer alikuwa mkata miti. Ni yule pale, karibu na meza ya pai, na hakukaa hapo kwa bahati mbaya.

Kiwanda kilipofungwa tulijiandikisha hapa pamoja, wiki ileile, kwa nia moja: tusome miaka miwili hapa karibu na nyumbani, kisha tuhamishie masomo yetu chuo kikuu, tukachukue shahada ya misitu. Tulitaka nini hasa? Tulitaka kurudi msituni. Baada ya geti la kiwanda kufungwa, Delmer aliendelea kuamka alfajiri, anavaa viatu vyake vya kazi, anasimama kibarazani akinusa mvua, na hana pa kwenda. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha la jikoni, na moyo ukiniuma.

Siku ya kwanza mshauri wetu wa masomo, Bi. Constance Pruitt, alituketisha mbele yake.

"Nisikilizeni ninyi wawili," alisema. "Watu wa misitu wote hutumbukia shimo moja. Hisabati na kemia kwanza. Kemia huanza Septemba tu, na sehemu zake hufuatana mpaka Juni. Ukikosa Septemba, umekosa mwaka. Na masomo ya miti yasiwatie tamaa, mengi mtafundishwa upya huko mwendako."

Delmer akauliza, "Somo la msumeno lipo?"

"Lipo."

"Na la ramani?"

"Lipo, Bwana Tveit. Lakini sijakuuliza unapenda nini."

Mnacheka kwa sababu mnamjua, na kwa sababu nusu yenu mlifanya vilevile. Mtu aliyezeekea msituni, ambaye msitu umefungwa mbele ya uso wake, utamwambia nini akubali kwenda kukaa na vichupa vya maabara? Delmer alichukua msumeno, akachukua ramani, akachukua udongo, akachukua somo la kuzima moto. Kila jioni alirudi nyumbani uso unang'aa, sijamwona hivyo tangu tulipokuwa vijana. Nikimwuliza habari ya kemia ananijibu, "Kemia haina miguu, mama, itakimbilia wapi?" Mimi nilikuwa maabara, nimevaa miwani ya plastiki, naichukia kila dakika.

Basi Februari ya mwaka wetu wa pili chuo kikuu kikatujibu. Mimi nimekubaliwa. Delmer ameambiwa alete kemia kwanza. Na kemia, ndugu wageni waalikwa, huanza Septemba.

Tangu tuoane hatujawahi kulala kila mtu peke yake, isipokuwa msimu wa kuwinda paa. Nikamwambia nitamngoja, tutakwenda pamoja mwaka unaofuata.

Haikupita muda ikafika siku ya darasa letu kupanda miche mlimani. Mwalimu Hector Zavala, ambaye nusu ya misonobari michanga ya kaunti hii imepita mikononi mwake, hutupanga chini ya mteremko bega kwa bega, kila mtu na jembe lake na mfuko wa miche kiunoni. Amri yake ni moja: hakuna kumngoja mtu. Ukisimama na mfuko wako, upepo unaingia na mizizi inakauka. Mwenzako akibaki nyuma, wewe endelea, mtaonana juu barabarani. Na desturi yetu ni kwamba anayetangulia hufungua themosi nyuma ya pikapu na kummiminia mwenzake kahawa.

Siku ile goti lilimsumbua Delmer, akabaki nyuma. Nikasimama.

"Unafanya nini hapo?" akaniita kutoka chini.

"Nakungoja."

"Nani kakutuma? Panda."

"Goti lako, Delmer."

"Goti langu niachie mwenyewe. Wewe una miche mfukoni. Panda mpaka juu, na usinimiminie nusu kikombe kama juzi."

Nikapanda huku nalia, nashukuru mvua ilinisitiri. Nilipofika juu nikamimina vikombe viwili, nikakaa nimekishika chake kwa mikono yote miwili, naiangalia kofia yake nyekundu ikija polepole kati ya visiki. Alipofika akanywa, akasema, "Imepoa." Kisha, macho yakiwa kule bondeni, akasema, "Nenda, Marlys. Septemba mimi nitakuwa kwenye kemia. Nitaivaa hiyo miwani."

Mpaka jioni hii sijampa jibu.

Bi. Pruitt, ulisema kweli, nasi tulikusikia kwa sikio moja. Nakushukuru kwa kurudia bila kuchoka. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nina swali dogo. Je, haiwezekani kemia ikaanza na Januari pia? Simlaumu mtu. Nauliza tu, kwa niaba ya mwanamke atakayelala peke yake mwaka mzima.

Wenzangu, wengi wenu mnaacha mtu. Tusidanganyane kwamba tunaondoka kwa furaha tupu. Nitakuwa katikati ya msitu nilioutamani, na nitatamani koti linalonuka mafuta ya msumeno, na mtu wa kulalamika kwamba supu haina chumvi. Nitageuka kumwonyesha mwerezi mkubwa, nikute hayupo. Hilo nalijua tangu sasa, na linaniuma tangu sasa.

Delmer, jibu langu ni hili. Nakwenda. Nina miche mfukoni, kama ulivyosema. Nitatangulia mpaka juu barabarani, na vikombe nitavimimina viwili. Chako kitapoa, najua, maana mwaka ni mrefu. Kipoe tu. Nitakaa nimekishika.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunitegea sikio muda wote huu. Delmer, weka hiyo sahani chini, njoo unishike mkono.